Umetoka gereza la Butimba, unatafuta kazi: anzia mahakamani

Mtu akitoka gerezani ndugu humwambia apumzike kwanza, anyoe, ale ashibe, kazi atatafuta baadaye. Ale ashibe kweli. Lakini kabla hajaenda kusimama getini kwenye kiwanda cha samaki au kumfuata tajiri wa mitumbwi mwaloni, aende kwenye mahakama iliyoamua kesi yake akachukue nakala ya hukumu, au ya amri iliyomtoa. Hilo ndilo la kwanza, na mengine karibu yote nitakayoeleza hapa yanategemea karatasi hiyo.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Nyamagana, jijini Mwanza. Kabla ya hapo niliuza dagaa Kirumba Mwaloni kwa miaka mingi. Siku hizi nashinda na watu waliotoka ndani, pamoja na mama zao na wake zao, tunasoma makaratasi. Nimemwona mtu akikosa kazi ambayo sheria haikumnyima, kwa sababu hakujua karatasi yake inasema nini, akajishtaki mwenyewe mbele ya mwajiri. Nimemwona mwingine akipata kazi kisha akaachishwa kwa jambo ambalo angelisema siku ya kwanza lingepita. Wote wawili wananiuma hadi leo, maana walichohitaji kilikuwa kwenye jalada la mahakama, kinawasubiri.

Niseme na mipaka yangu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, inatutaka tusajiliwe, na huduma yetu ni bure. Siwezi kusimama mahakamani kukutetea, hiyo ni kazi ya wakili. Ninachoweza ni kukuelekeza, kukusaidia kuandika barua na kujaza fomu, na kukuunganisha na wakili anayetoa msaada bila malipo.

Karatasi ya mahakama

Gerezani utapewa hati ya kuachiliwa. Itunze, ila usiitegemee kuombea kazi. Inaonyesha kwamba ulikuwa ndani na umetoka. Haielezi kesi ilivyoisha, na mwajiri akiona mhuri wa Magereza peke yake, yaliyobaki atayajaza kichwani mwake, na hatayajaza kwa wema.

Kwa hiyo nenda masijala ya mahakama iliyosikiliza kesi. Andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi ukiomba nakala ya hukumu. Taja namba ya kesi, majina yako kama yalivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, na tarehe ya hukumu kama unaikumbuka. Namba ya kesi wengi wameisahau. Angalia karatasi ulizotoka nazo gerezani, mara nyingi imo, kwa kuwa hati ya kifungo iliyokupeleka huko ilitoka mahakamani. Ukiikosa kabisa, mweleze karani mwaka, kosa na jina la hakimu aliyesikiliza, kisha uwe na subira, majalada ni mengi. Ukiambiwa kuna ada, lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali na uchukue risiti. Hela ya mkononi usitoe kwa mtu yeyote.

Majina ya kwetu huku Usukumani yanasumbua sana. Polisi aliandika Mwandu, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameandika Ng'wandu, cheti cha darasa la saba kimeacha jina la babu. Mwajiri akiziweka karatasi hizo mezani anaona watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ukieleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ambaye ni wewe. Fanya hivyo mapema. Ukisubiri mwajiri aone tofauti hizo mwenyewe, atadhani unaficha kitu hata kama hufichi.

Ukishapata hukumu, usianze na kurasa za ushahidi. Zitakurudisha kule ulikotoka na utalala vibaya. Fungua mwisho, palipo na sahihi ya hakimu na mhuri, usome mistari inayosema umepatikana na hatia ya kosa gani hasa, na adhabu gani. Watu wengi hawalijui kosa lao kwa jina. Alishtakiwa kwa wizi wa kuaminiwa na kosa jingine juu yake, akatiwa hatiani kwa moja tu, lakini mtaani na hata yeye mwenyewe anaamini alifungwa kwa yote mawili. Angalia pia kama kuna kitu zaidi ya kifungo. Kama ni kesi ya barabarani, je, hakimu alikufungia leseni, na kwa muda gani? Kama kuna fidia uliyoamriwa kumlipa mtu, ilishalipwa? Ukiendesha bodaboda huku umefungiwa leseni, unaitafuta kesi nyingine.

Umewahi kufungwa, au umewahi kukaa mahabusu?

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojiumiza.

Kukaa gerezani hakumaanishi kwamba ulipatikana na hatia. Mahabusu naye analala Butimba, anakula ugali uleule, anahesabiwa asubuhi kama wengine. Lakini kisheria ni mtu ambaye hajahukumiwa. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike hivyo. Kama mahakama ilikuachia huru baada ya kusikiliza ushahidi, huna hatia. Kama Mkurugenzi wa Mashtaka aliiambia mahakama hana nia ya kuendelea na kesi, nako hukutiwa hatiani, ingawa yafaa ujue kwamba mashtaka ya namna hiyo yanaweza kufunguliwa tena. Kama ulitiwa hatiani mahakama ya chini, ukakata rufaa, na Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo, basi hatia imeondoka. Huyu wa mwisho ana kazi moja ya ziada: atafute nakala ya hukumu ya rufaa, kwa sababu ile ya kwanza bado inazunguka na ndiyo watu wanayoikumbuka. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Mtu mwenye simu anaweza kukutafutia kwa jina lako. Kumbuka na mwajiri anaweza kufanya hivyohivyo.

Msamaha wa Rais ni jambo jingine. Rais anapata mamlaka hayo katika ibara ya 45 ya Katiba, na wengi tunawaona wakitoka siku ya Uhuru au ya Muungano. Msamaha huo wa sikukuu hupunguza au humaliza adhabu. Hukumu yenyewe inabaki pale pale. Aliyetoka kwa msamaha akiulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, jibu lake ni ndiyo. Vivyo hivyo aliyepewa kazi za huduma kwa jamii badala ya kifungo.

Mdogo wangu wa kuzaliwa alikaa mahabusu mpaka Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilipoiondoa kesi. Akaenda kuomba kazi kwenye kampuni ya ulinzi. Fomu niliiona baadaye, kalamu ya bluu, mwandiko wake ule wa kuinamia kushoto. Swali liliuliza: "Umewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai?" Akaandika: "Ndiyo, Butimba." Butimba ni gereza. Hakuna kosa linaloitwa Butimba, na hakuna hakimu aliyemtia hatiani kwa lolote. Lakini alikuwa ameitwa mfungwa nyumbani, kanisani na kwenye daladala, mpaka na yeye akakubali. Tulipoipata amri ya mahakama tukairudisha pamoja na barua, nafasi ilikuwa imeshajazwa. Kazi aliipata kwingine, na safari hiyo alijibu "Hapana" kwa mkono uliotulia, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Basi soma swali kwa makini. Fomu moja itauliza kama umewahi kupatikana na hatia. Nyingine itauliza kama umewahi kushtakiwa. Nyingine itaandika kukamatwa. Haya ni maswali matatu tofauti. Mahabusu aliyeachiwa atajibu hapana kwa la kwanza na ndiyo kwa la pili na la tatu, kisha aongeze mstari: "Kesi iliondolewa mahakamani, nakala ya amri nimeambatisha." Jibu ulichoulizwa, chote, na uishie hapo.

Kama ulitiwa hatiani na umeulizwa, usidanganye. Najua inavyouma kuandika ndiyo ukijua pengine wataitupa fomu. Lakini uongo kwenye fomu ya kazi unampa mwajiri sababu mpya ya kukuachisha, safari hii kwa jambo ulilolifanya juzi. Mdomoni au kwa maandishi, iwe fupi. Ninawafundisha kusema hivi: "Mwaka fulani nilipatikana na hatia ya kujeruhi, Mahakama ya Wilaya. Nilitumikia adhabu nikamaliza. Nikiwa ndani nilifanya useremala. Nakala ya hukumu ninayo, na mwenyekiti wa mtaa ananifahamu." Halafu nyamaza, mwache aulize. Usianze kusimulia jinsi ulivyosingiziwa. Huenda ni kweli ulisingiziwa, mimi nitakusikiliza siku nzima, lakini mwajiri ameshaisikia kauli hiyo mara nyingi na hana namna ya kuipima. Anachoweza kupima ni kama maneno yako yanalingana na karatasi uliyompa.

Na kama hujaulizwa? Kwa kazi za kawaida za watu binafsi, Sheria ya Ajira haikulazimishi kusimama na kujitangaza. Ushauri wangu unategemea kazi. Kama ni kubeba matofali Buhongwa, fanya kazi yako. Kama kesi ilikuwa ya wizi na kazi ni ya kushika fedha za duka, mwambie tajiri mwenyewe kabla ya kuanza. Mwanza ni jiji, lakini maneno yanatoka Igoma asubuhi yakafika Kirumba kabla ya chakula cha mchana, na ni afadhali ayasikie kwako.

Cheti cha polisi na wanaouza njia za mkato

Kampuni za ulinzi, na waajiri wengi wakubwa, wanataka cheti cha polisi, kile watu wanachokiita cheti cha tabia njema. Maombi huanzia kwenye mtandao wa Jeshi la Polisi na yanahitaji alama zako za vidole. Usingoje mpaka uitwe kwenye usaili. Kama uliwahi kuchukuliwa alama za vidole kwa kesi iliyoisha kwa wewe kuachiwa, nenda na nakala ya amri yenye mhuri, na kama cheti kitatoka na kasoro, andika barua ya kuomba kumbukumbu zirekebishwe, ukiambatisha amri hiyo. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Kuna vishoka wanaokaa karibu na mahakama na vituo, wamevaa suti, wanasema wanaweza kufuta rekodi yako kwenye kompyuta. Mama mmoja wa Mabatini aliuza mbuzi zake kumlipa mtu wa namna hiyo kwa ajili ya mwanawe. Nilikaa naye akilia, na sikuwa na la kumrudishia. Hakuna mtu wa mtaani mwenye uwezo huo, na kumlipa mtumishi wa umma afanye hivyo ni rushwa, yaani wewe ndiwe utakayeshtakiwa tena. Hukumu inaondolewa na mahakama ya juu, kwa rufaa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, siku ni 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, unatoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya msingi. Kama unaamini kabisa hukumu yako haikuwa sahihi, hapo ndipo pa kutafuta wakili wa msaada, na uende naye mapema.

Vitambulisho, kwa kifupi

Bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini, na siku hizi kazi inaitwa kwa simu. Kama kadi ilipotelea polisi au nyumba ilipohamwa, chukua taarifa ya upotevu polisi na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, uende ofisi ya NIDA ya wilaya. Barua ya mtaa inaanza kwa mjumbe wako, hivyo nenda ukamsalimie hata kama zamani hamkuwa mnapatana. Ukishapata laini, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Kama kuna usizozijua, nenda kwenye duka la mtandao husika zifutwe, kabla hazijatumika kwa utapeli ukaitwa tena kituoni.

Kazi gani zimefungwa, gani ziko wazi

Ibara ya 22 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Nawasomea watu maneno hayo kwa sababu wengine wanatoka ndani wakiamini kwamba haki hiyo iliishia getini. Lakini nisikudanganye: matangazo ya kujiunga na polisi na vyombo vingine vya ulinzi yanamtaka mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu, na kama ulitiwa hatiani usipoteze nauli huko. Kwa ajira nyingine za serikali soma masharti ya tangazo neno kwa neno.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi hata kwa mtu ambaye bado anaomba kazi. Inataja rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri, hata hali ya mtu kimaisha. Kufungwa hakukutajwa kwa jina. Wakili anaweza kujenga hoja kwenye hiyo hali ya maisha, lakini wewe usiende kumtishia mwajiri kwa sheria siku ya usaili. Sheria iweke mfukoni kwa ajili ya baada ya kuajiriwa. Hapo inakulinda kama mtu mwingine yeyote.

Ujuzi ndio unaofungua milango mingi zaidi, na gerezani watu wanajifunza ufundi wa kweli: useremala, ushonaji, uashi. Tatizo hawana cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo: wanakupima kwa vitendo, wanaangalia mapungufu yako, ukifaulu unapata cheti. Cheti hicho kinasema wewe ni fundi. Hakiulizi ulijifunzia wapi. Nenda VETA Mwanza uulize awamu inayofuata ni lini na kwa fani zipi. Nikipewa nafasi ya kumshauri kijana jambo moja tu baada ya karatasi ya mahakama, ni hilo.

Ukipata kazi, shika maandishi

Mwajiri anatakiwa kukupa kwa maandishi masharti ya kazi: majina, kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara. Waliotoka gerezani huogopa kuomba mkataba, wanaona wameshafanyiwa hisani kubwa kupokelewa. Omba. Sheria inasema mkigombana na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni saa za ziada na zina malipo yake. Aliyefungwa halipwi nusu kwa sababu alifungwa.

Mwaloni mambo ni tofauti kidogo. Kwenye mitumbwi ya dagaa, na ya sangara pia, malipo mara nyingi ni mgawo: inatolewa gharama ya mafuta, taa na chakula, kinachobaki wanagawana tajiri na mabaharia. Hakuna anayeandika. Wewe andika. Nunua daftari dogo, kila mkirudi andika tarehe, mtumbwi, kilichopatikana, kilichotolewa, ulichopewa, na mwenzako mmoja aweke sahihi. Nilikuwa mnunuzi upande wa pili wa mizani, nimeona ugomvi wa mgawo unavyoanza, na mwenye daftari husikilizwa. Angalia na nyavu kabla ya kupanda. Kokoro na timba ni nyavu haramu, na doria ikija haitauliza nani ni mmiliki. Mwenzako atalipa faini aendelee na maisha. Wewe hakimu atasoma kwamba si mara yako ya kwanza.

Kama umetoka kwa parole, yaani kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, au uko chini ya uangalizi, jambo hili la ziwani lina mtego. Masharti yako yameandikwa, na mara nyingi yanahusu mahali unapoishi na mtu unayeripoti kwake. Wavuvi wanahama kambi, leo Igombe, kesho Ukerewe, keshokutwa kisiwa ambacho hata simu haishiki. Kabla hujakubali kazi ya kuhama, mwone afisa anayekusimamia, umwombe ruhusa kwa barua, na usiondoke mpaka akujibu.

Wakikuachisha kwa sababu wamesikia ulifungwa

Usigombane getini. Omba barua ya kuachishwa yenye sababu. Wakikataa, andika wewe siku hiyohiyo nani alisema nini, saa ngapi, mbele ya nani. Muda ni mfupi: kulalamikia kuachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, ambayo ina ofisi hapa Mwanza. Madai mengine, kama mshahara uliobaki, una siku 60. Unajaza Fomu Namba 1, unampelekea mwajiri nakala kwanza, unapata uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo unaipeleka Tume. Hatua hiyo ya kumpa mwajiri watu wengi wanairuka, wanarudishwa, na siku zinaisha. Ukichelewa kwa sababu ya kweli, kuna fomu ya pili ya kuomba usamehewe kuchelewa. Tume hailipishi. Inaanza na usuluhishi, mnakaa mezani na mwajiri, na kesi nyingi nilizosindikiza zilimalizikia hapo.

Kama umefanya kazi chini ya miezi sita, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu bado. Hata hivyo mshahara wa siku ulizofanya ni wako, notisi ni yako, na cheti cha utumishi ni chako. Cheti hicho kidai kwa nguvu zote. Ndiyo karatasi ya kwanza itakayoonyesha kwamba baada ya gereza uliajiriwa ukafanya kazi.

Na kama bosi au mwenzako ameibandika hukumu yako kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, piga picha ya skrini na uitunze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa zinazohusu makosa ya jinai kwenye kundi la taarifa nyeti, na iko Tume yake ya kupokea malalamiko, si ile ya CMA.

Wa kumwendea

Anza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, Jiji au Ilemela, au Sengerema, au Ukerewe, uulize wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika kata yako. Mwombe mtu akuonyeshe usajili wake, wa kweli hatakasirika. Chama cha Mawakili Tanganyika kina mawakili wanaotoa msaada bure, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, ikifika wilayani kwenu, nenda siku ya kwanza mapema, foleni ni ndefu. Kwa mshahara usiolipwa yupo pia Afisa Kazi wa mkoa.

Unapokuja kutuona, njoo na hati ya kuachiliwa, nakala ya hukumu au amri, namba ya NIDA, fomu ya kazi uliyopewa kabla hujaijaza, na kama uliajiriwa, mkataba au lile daftari. Njoo na mtu unayemwamini, mama au mke au kaka, maana maelezo ni mengi na mtu mmoja husahau. Karatasi halisi mwachie mama azifungie kabatini. Sisi tupe vivuli tu, na mtu yeyote anayekuambia lazima abaki na hukumu yako halisi, hata awe mimi, mnyime.